Dobi Asiyesikia Harufu

Saa moja asubuhi, baridi ya Kasulu bado inauma vidole. Nyuma ya kibanda cha mabati katika mtaa wa Murubona, Nurudini Omary ameinama juu ya beseni la maji ambayo hayakupashwa moto. Anageuza shati la bluu ndani nje, anatandaza kwapa lake juu ya kiganja, analipaka uji mzito wa magadi, kisha analisugua taratibu kwa mswaki wa zamani uliochakaa.

"Maji ya moto ni adui," anasema bila kuinua kichwa. "Ukianza na maji ya moto umelipika jasho ndani ya uzi. Halitoki tena. Hasa kwenye hizi nguo za tetroni, za nyuzi za kiwandani."

Juu ya mlango wa kibanda kuna kibao kilichoandikwa kwa rangi nyekundu: DOBI NURU, TUNATOA KIKWAPA SUGU. Shati la kawaida anafua kwa shilingi mia tano. Lililolala na jasho miezi mingi linaongezewa mia tatu, kwa sababu ya siki na magadi. Wateja wake ni waendesha bodaboda, walimu, wanakwaya, wauza mitumba, na akina mama wa Kikongo wanaotoka kambi ya Nyarugusu.

Leo kuna mzigo mwingine unaomsubiri. Uko ndani, chini ya kitanda chake, kwenye sanduku la bati la kijani. Ni nguo za mke wake, Faudhia, aliyefariki dunia Machi 2013.

Kwa kawaida ya familia yao, nguo za marehemu hufuliwa baada ya arobaini, zikapigwa pasi, zikagawiwa ndugu na majirani ziwe sadaka yake. Arobaini ya Faudhia ilipita. Mwaka ukapita. Na mumewe, ambaye kufua ndiyo kazi inayomlisha, hakuzifua.

Jana jioni shemeji yake, Mwamvua, aliteremka kwenye basi la Kibondo akiwa na mfuko mtupu. Ni mdogo wake Faudhia, wa tumbo moja. Ametumwa na mama yao anayeishi Murungu.

"Mama amesema nisirudi bila nguo," anasema Mwamvua, akiwa ameketi kwenye kigoda, khanga ameivuta hadi masikioni kwa baridi. "Anazeeka. Anataka azione nguo za mwanawe zimevaliwa na watu kabla yeye mwenyewe hajafumba macho. Huyu shemeji tumembembeleza kwa simu hadi tumechoka."

Nurudini amekubali. Lakini ameomba jambo moja kabla nguo hazijaguswa na maji. Anataka Mwamvua azinuse, moja baada ya nyingine, kisha amwambie dada yake alikuwa akinukia vipi.

Yeye hajui. Waliishi katika nyumba moja miaka kumi na saba, na harufu ya mke wake hakuipata hata siku moja.

Nurudini alizaliwa na pua nzima kama watu wengine. Alipokuwa kijana wa miaka ishirini na minne alikuwa utingo wa lori la maharage. Kwenye mteremko wa kutoka Munanila gari liliyumba, akaanguka kutoka juu ya magunia, akapiga kisogo chini. Alilala hospitali akiwa hajitambui. Alipozinduka, macho yalikuwa sawa, masikio sawa, miguu sawa.

"Nikaletewa uji wa ulezi," anakumbuka. "Nikaona kama nakunywa maji ya vuguvugu. Nikadhani wauguzi wameusahau ulezi wenyewe."

Alimwoa Faudhia miaka miwili baadaye na hakumwambia. Aliona haya. Faudhia aligundua mwenyewe kabla mwezi wa kwanza haujaisha, siku aliyosahau maharage jikoni yakaungua mpaka sufuria ikawa nyeusi. Alirudi akamkuta mumewe amejipakulia na anakula.

"Aliniangalia, akasema, 'Wewe mwanamume, unakula mkaa na unaniambia ahsante?' Akacheka hadi akakaa chini. Halafu nikaona ameacha kucheka, analia."

Hawakujaliwa mtoto. Wakati huo Nurudini alikuwa amekwisha kuanza kufua nguo za watu, lakini alikuwa dobi kama madobi wengine wa mji. Kazi ya kutoa kikwapa ilikuwa wazo la Faudhia. Yeye alikuwa na pua kali, ya kumtambua mgeni kabla hajabisha hodi. Alisema kila mtu mjini ana shati moja analolipenda na hawezi tena kulivaa, kwa sababu ya kwapa, na haya inamzuia kumwambia mtu.

Wakagawana kazi. Nurudini aliloweka kwa siki na maji baridi, akasugua kwa magadi, akasuuza, akaanika nguo zikiwa ndani nje ili jua lifike kwenye mishono. Kisha ikaja zamu ya pasi ya mkaa.

"Shati likiwa kavu linadanganya," anaeleza. "Unaweza kulinusa ukasema limepona. Lakini liache na unyevu kidogo, lipitishie pasi, mvuke upande. Hapo kama jasho limejificha kwenye uzi, linatoka lote. Ndivyo inavyokuwa mtu akilivaa na jua likimpata."

Mvuke ulipopanda, Faudhia alikuwa amesimama kwenye kona ya meza na kikombe chake cha chai. Akinyamaza, Nurudini alilikunja shati. Akikohoa, shati lilirudi kwenye beseni. Hakuna mteja aliyewahi kujua. Walidhani mama wa watu ana kifua.

"Wakawa wanamletea asali," anasema Nurudini, na kwa mara ya kwanza asubuhi hii anacheka. "Wengine na tangawizi. Mke wangu hakukataa hata chupa moja."

Faudhia alikufa kwa presha. Alianguka akiwa anachota maji, na jioni ya siku hiyo hiyo alikuwa ameondoka.

Kilichotokea msibani ndicho kilichomfunga Nurudini mikono. Wanawake walikuwa chumbani wanakunja nguo za marehemu. Mmoja wao, jirani tu, aliinua khanga, akaiweka usoni, akasema kwa sauti, "Jamani, bado ananukia humu!" Chumba kizima kikaangua kilio. Khanga ikapita kutoka mkono hadi mkono, kila mmoja akaiweka usoni na kulia.

Nurudini alikuwa amesimama mlangoni. Walipotoka kwenda uani aliingia, akaichukua khanga ile, akajifunika nayo uso. Akavuta pumzi mpaka kifua kikauma.

"Hapakuwa na kitu. Kitambaa tu," anasema. Mswaki umesimama mkononi. "Nikaona majirani wamebaki na mke wangu. Mimi nimebaki na kitambaa."

Siku hiyo alizifungia nguo zote kwenye sanduku. Alikuwa amewahi kusikia kwamba waliopoteza harufu kwa kuanguka, wengine hurudishiwa. Aliambiwa habari za mtu mmoja wa Buhigwe ambaye pua yake ilizinduka asubuhi moja, bila dawa, akasikia harufu ya ng'ombe kabla hajafungua macho.

"Nikasema, hata ikirudi kwa saa moja tu. Nizikute zipo."

Mlio wa pikipiki unakatiza maneno yake. Ni Venanti, mwendesha bodaboda, mwenye lile shati la bluu. Anaegesha, anavua kofia ngumu, anapaza sauti ya kusikika mtaa mzima.

"Shikamoo mzee wa kikwapa!"

"Marahaba, bwana harusi. Bado halijapigwa pasi."

"Nasubiri. Siku hizi mimi siondoki hapa bila kunusa mwenyewe. Si unajua ulinifanya nini?"

Mwamvua anauliza alifanywa nini, na Venanti hahitaji kubembelezwa. Mwaka jana, miezi michache baada ya Faudhia kuzikwa, alipeleka posa kijijini Titye. Shati lilikuwa limetoka kwa Nurudini, jeupe, limenyooka, mistari ya pasi unaweza kujikata nayo. Chumba kilikuwa kidogo, wazee ni wengi, na jiko la mkaa lilikuwa katikati.

"Nikaona shangazi wa binti ameinuka, amefungua dirisha," anasimulia Venanti. "Nikasema labda anasikia joto. Akakaa. Akainuka tena, akafungua la pili. Mjomba naye akasogeza kiti. Mimi nazidi kutoka jasho, na shati linazidi kuongea! Mwisho bibi yake akasema kwa Kiha, huyu mkwe angalau ni mchapakazi, tumeshapata ushahidi."

"Na wakakupa mke?" anauliza Mwamvua, amejiziba mdomo kwa khanga.

"Walinipa, shemeji. Lakini mpaka leo kwao nikiingia madirisha yanafunguliwa kwanza."

Siku ile alirudi kutoka Titye moja kwa moja hadi kwenye kibanda, akalitupa shati juu ya meza. Nurudini aliliinua, akalinusa, akasema mbona halina kitu. Venanti alimkodolea macho. Ndipo yote yakajulikana.

Mwezi ule wateja walipungua hadi wakabaki wachache wa kuhesabika. Nani anampelekea kikwapa dobi asiye na pua? Nurudini alifikiria kufunga na kurudi kubeba magunia. Badala yake aliuweka ukweli mezani. Sasa mwenye nguo huja wakati wa pasi, anasimama kwenye ile kona aliyosimama Faudhia, mvuke ukipanda ananusa mwenyewe. Asiporidhika, shati linarudi kwenye beseni bila malipo. Wateja wengi wamerudi. Wengine hawakurudi.

Therese, mama wa Kikongo anayenunua mashati ya mitumba mjini na kuyauza kambini, hajaupenda utaratibu huo. "Papa Nuru, miye niko mtu moja, mashemizi iko mingi," hulalamika; mashemizi kwake ni mashati. "Hii pua itakufa mbele ya saa yake!" Lakini huja, na husimama hadi la mwisho. Ndiye aliyejitolea kumnusia lile sanduku, Nurudini alipomsimulia habari zake. Nurudini alimshukuru, akakataa.

"Mama yule hakumjua Faudhia," anasema. "Angeniambia harufu ya mtu yeyote tu, nami ningeibeba hadi kaburini."

Ndiyo maana alimsubiri Mwamvua.

Jua limepanda, shati limeanikwa na kupigwa pasi; Venanti amelinusa mara mbili, ameridhika, ameondoka. Nurudini anakausha mikono kwa muda mrefu kuliko inavyohitajika. Kisha anaingia chumbani, analivuta sanduku kutoka chini ya kitanda, anatoa ufunguo uliofungwa kwenye pindo la shuka yake. Chumba hiki hakijaingiwa na mgeni tangu msiba.

"Ukikuta kitu, niambie," anamwambia shemeji yake. "Na usinifiche."

Anarudi nyuma, anasimama mlangoni, mahali pale pale aliposimama siku ile ya msiba.

Mwamvua anasema bismillahi, anafungua kifuniko. Kichwa chake kinarudi nyuma kwa ghafla. Macho yanamjaa maji. Nurudini anayaona machozi hayo na uso wake unafunguka.

"Yupo?" anauliza.

Mwamvua anainama tena juu ya sanduku. Anainua khanga ya juu, anaipeleka puani, anaiweka pembeni. Anainua gauni la kitenge cha njano. Anainua sweta. Anaingiza mkono hadi chini ya sanduku, na unapotoka, kiganjani kuna vidonge vyeupe vya mviringo, vingine vimekwisha kuyeyuka na kubaki kama punje za chumvi.

"Shemeji, hivi ni nini?"

"Dawa ya nondo na mende. Nilinunua pale kwa Mwarabu. Alisema nguo zinakaa miaka bila kuguswa na mdudu."

"Uliweka vingapi?"

"Pakiti zote alizokuwa nazo. Na vilipopungua niliongeza." Anamtazama usoni, furaha inaanza kumtoka. "Kwani vipi?"

Mwamvua anakaa chini kwenye sakafu, mguu mmoja ameukunja, gauni la njano mapajani.

"Vina harufu kali, shemeji. Kali kuliko siki. Kuliko mafuta ya taa. Inaingia machoni."

"Imemfunika?"

"Imemmaliza."

"Hata kwenye khanga? Ile ya chini?"

Mwamvua anaitafuta khanga ya chini kabisa. Anaikunjua yote, ananusa pindo, ananusa katikati, anaishika puani muda mrefu kuliko zote. Anatikisa kichwa.

"Hata kidogo, Nuru."

Baadaye, uani, Nurudini akiwa hayupo karibu, Mwamvua anaeleza kwamba uongo ulikuwa tayari mdomoni. "Ningesema tu yupo, nikaongeza udi na karafuu, akafurahi. Lakini mtu huyu ameishi maisha yake kwa kuziamini pua za wengine. Dada yangu hakumdanganya hata kwa shati la mteja. Nimdanganye mimi, tena kwa dada yangu mwenyewe?"

Nurudini anakaa kitandani. Mikono yake, iliyobabuka kwa magadi, ameilaza juu ya magoti, viganja juu. Nje mtu anabisha hodi na kuita dobi, anaita tena, anaondoka.

Kisha anasimama. Anakusanya nguo zote kifuani, anatoka nazo hadi kwenye mabeseni.

"Basi hiyo ni kazi ya dobi," anasema.

Anazigeuza ndani nje, moja moja. Anamimina siki. Mwamvua anakunja mikono ya gauni lake na kushika upande wa pili wa kitenge. Wanafua hadi maji ya kwanza yanamwagwa.

"Alikuwa ananukia vipi?" anauliza Nurudini. "Wewe umekua naye. Mmelala kitanda kimoja."

"Alikuwa ananukia..." Mwamvua anatafuta neno. "Alikuwa ananukia Faudhia. Nitasemaje?"

"Sema kama nini."

Mwamvua anakamua, anafikiri. "Asubuhi, kama majivu na maziwa yaliyochemka. Jioni akitoka shambani, kama majani ya maharage ukiyafikicha mkononi. Na nywele zake, mvua ikimnyeshea, kama udongo wa njiani. Mama alikuwa akimtania, anamwambia wewe hukuzaliwa, ulipaliliwa."

Nurudini ameacha kufua.

"Majani ya maharage nayajua," anasema polepole. "Nilikuwa na pua wakati ule. Tulikuwa tukiyachuma utotoni, mikono inabaki na ile harufu mpaka kesho yake. Na mvua kwenye vumbi naijua. Na maziwa." Anamtazama shemeji yake. "Mbona yote nayajua."

Mwamvua anaendelea kumsimulia, naye anaendelea kufua, na suuza ya pili inamwagwa, na ya tatu.

Harufu ya vidonge haikutoka siku hiyo. Iliwachukua siku kadhaa za siki, upepo na jua kali la kiangazi, nguo zikitolewa asubuhi na kuanikwa upya. Kila jioni Mwamvua alinusa na kusema bado. Siku aliyosema tayari, Nurudini aliwasha pasi, na shemeji yake akasimama kwenye kona ya meza hadi nguo ya mwisho.

Mwamvua alitaka kumwachia khanga moja. Nurudini aliipokea, akaikunja vizuri, akairudisha kwenye mfuko wa shemeji yake. "Kitu cha kufungia sandukuni nimeshaona mwisho wake," alisema. Venanti aliubeba mfuko kwenye pikipiki hadi stendi, akakataa nauli.

Nguo zimeshagawiwa Murungu. Sweta amechukua mama mkwe, ambaye baridi haimwachi. Gauni la njano limempata binti wa mjomba. Khanga zimekwenda kwa wanawake waliomlea Faudhia, na moja kwa mjane asiye ndugu, kwa sababu sadaka hairuki jirani. Habari hizi Mwamvua amezitoa kwa simu, na Nurudini amezisikiliza akiwa amesimama, pasi ikipoa mezani.

Mwezi wa Desemba, maharage ya mvua za kwanza yakianza kuvunwa, atafunga kibanda kwa wiki moja. Ukiacha siku za msiba, ni mara ya kwanza tangu alipokifungua. Atapanda basi la Kibondo, ashuke njiani, atembee hadi shambani kwa mama mkwe wake.

"Watakuwa wamezivaa, wanavuna," anasema. "Nitakaa pembeni niwaangalie. Lile la njano nitaliona kutoka mbali."

Anageuza shati la mteja ndani nje, anachovya mswaki kwenye magadi.

"Jioni watakuwa wametoka jasho. Wazivue wanipe, nizifue. Mama mkwe nimeshamwambia aniwekee maji ya baridi."